Stanleyville, Kisangani, Wagenia: majina yetu kwenye orodha ya salmonela



Kuna orodha moja ya kimataifa ambamo mji wetu umeandikwa mara mbili, na si orodha ya miji. Ni orodha ya aina za salmonela, bakteria anayeleta homa, kuhara na, kwa watoto wadogo, maambukizi ya damu yanayoua. Ndani yake kuna Salmonella Stanleyville. Kuna pia Salmonella Kisangani. Ukiendelea kuisoma unakuta Wagenia, ndiyo, wale wale wavuvi wetu wa kwenye maporomoko. Unakuta Banalia. Ukitoka kidogo nje ya Tshopo unakuta Ituri, Irumu, Kivu na Bukavu. Leopoldville na Elisabethville nazo zimo.

Tumezoea kulalamika kwamba dunia haitujui. Kumbe kuna watu Paris na Copenhagen wametaja jina la Kisangani miaka na miaka, wakiwa wameshika kichupa mkononi. Mimi nimesoma biolojia, na nataka leo tuangalie pamoja jina letu lilifikaje huko, huyo bakteria amefanya kazi gani katika sayansi ya dunia, na sisi wa hapa tumepata nini. Mwishoni tutafika sokoni kwetu, kwa panya. Vumilieni, njia ina kona lakini inafika.

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 1885 huko Marekani, katika wizara ya kilimo, kijana mmoja aitwaye Theobald Smith alitenga bakteria kutoka kwa nguruwe wagonjwa. Mkubwa wake wa kazi alikuwa daktari wa mifugo, Daniel Salmon. Mwaka 1900 Mfaransa Joseph Lignières alipendekeza kundi hilo la bakteria liitwe Salmonella, kwa heshima ya Salmon. Basi kazi ya benchi ilifanywa na kijana, jina likabaki la mkubwa. Wasaidizi wa labo mnaosoma hapa, najua mnatabasamu. Tena, baadaye ikaonekana kwamba ule ugonjwa wa nguruwe waliokuwa wakiutafuta unaletwa na virusi, si na bakteria yule. Ila jina lilikuwa limeshashika.

Kabla ya hapo, mwaka 1880, Mjerumani Karl Eberth alikuwa ameona kwa hadubini bakteria wa homa ya matumbo, ile tunayoiita tifoide. Huyo naye ni wa ukoo wa salmonela. Kadiri miaka ilivyokwenda, kila maabara ilipata salmonela yake, kila mmoja akaipa jina lake, ikawa vurugu. Walioleta utaratibu ni Mwingereza Bruce White na hasa Fritz Kauffmann, Mjerumani aliyehamia Copenhagen mwaka 1933. Walizigawa salmonela kwa kuangalia alama mbili: alama za ngozi ya nje ya bakteria, na alama za mikia yake ya kuogelea. Kila mchanganyiko wa alama ni aina moja, serotipu moja. Leo serotipu zimepita 2,500, na orodha inatunzwa katika Institut Pasteur ya Paris.

Sasa, serotipu mpya iitweje? Ikawa desturi kuipa jina la mahali ilipopatikana mara ya kwanza. Ndipo Kisangani, Wagenia na Banalia zikaingia. Ndipo zikaingia pia Zanzibar, Nairobi, Kampala na Entebbe.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana mtu anaweza kudhani kwamba mahali penye majina mengi ndipo penye ugonjwa mwingi. Si hivyo. Jina kwenye orodha ile halisemi ugonjwa ulikuwa wapi, linasema maabara ilikuwa wapi. Kijiji ambacho hakijawahi kuona hadubini hakina salmonela ya jina lake, hata kama watoto wake wamezikwa kwa salmonela kila mwaka wa mvua. Stanleyville ya miaka ya 1950 ilikuwa na maabara ya tiba ya serikali ya kikoloni, iliyoongozwa na Mbelgiji Ghislain Courtois. Mji wenye maabara unaonekana. Mji usio na maabara haupo.

Na majina yana historia yake. Mwaka 1966 serikali ya Mobutu ilibadilisha majina ya miji: Léopoldville ikawa Kinshasa, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani, jina ambalo lilikuwa midomoni mwa wenyeji tangu zamani hata wakati karatasi za serikali zilisema kingine. Mabango yalibadilishwa, mihuri ilibadilishwa. Orodha ya salmonela haikubadilishwa. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa maabara popote duniani anaweza kuandika Stanleyville kwenye ripoti yake, bila kujua kwamba mji huo umeshakuwa na jina lingine kwa zaidi ya nusu karne.

Tuache majina, tuje kwenye kazi. Ndugu yake maarufu katika orodha hii anaitwa Salmonella Typhimurium. Jina ni la Kilatini, maana yake ni kama kusema tifoide ya panya. Aliyempa ni Friedrich Loeffler wa Greifswald, Ujerumani, ambaye panya wake wa maabara walikuwa wakifa kwa wingi. Loeffler akamtenga bakteria, na kabla hajapoa akapata wazo: kama anaua panya, si tumtumie kuua panya? Mwaka 1892 serikali ya Ugiriki ilimwita, maana panya wa mashambani walikuwa wanakula ngano yote ya Thessalia. Akaenda, vipande vya mkate vikaloweshwa katika maji yenye bakteria, vikatupwa kwenye mashimo. Wakati ule habari hiyo ilisifiwa sana. Baada yake zikaja dawa nyingine za panya zilizotengenezwa na salmonela hai, zikauzwa Ulaya kwa miaka mingi. Taratibu ikaonekana kwamba wanadamu nao wanaugua, na kwamba panya wanaobaki hai wanamzoea bakteria na kumsambaza. Shikeni hilo la panya anayebaki hai, tutalirudia.

Huyu Typhimurium akawa mfanyakazi mkubwa wa maabara. Anakua haraka, anagawanyika karibu kila dakika ishirini, hadai chakula cha gharama. Mwaka 1952, katika chuo kikuu cha Wisconsin, mwanafunzi wa udokta Norton Zinder na mwalimu wake Joshua Lederberg walitangaza jambo walilolikuta ndani yake: virusi wanaoshambulia bakteria wanaweza kubeba kipande cha urithi cha bakteria mmoja na kukipeleka kwa mwingine. Yaani bakteria hangoji kuzaa ili apitishe sifa zake. Anaweza kuzipata kwa jirani. Mkitaka kuelewa kwa nini leo antibiotiki zinashindwa, mlango mmoja wa kuingilia ni ule wa 1952.

Wanakemia nao walimkodi. Bruce Ames wa Berkeley, California, aliwatumia Typhimurium walioharibiwa makusudi ili wasiweze kujitengenezea histidini, kiungo kimoja cha protini. Ukiwaweka kwenye sahani isiyo na histidini, hawakui. Ukiwawekea kemikali fulani na wakaanza kukua, maana yake kemikali hiyo imebadilisha urithi wao mpaka baadhi wakarudishiwa uwezo waliopoteza. Na kemikali inayobadilisha urithi ni ya kushukiwa kuleta kansa. Mwaka 1973 Ames na wenzake walionyesha kwamba ukiongeza maji ya ini la panya kwenye sahani, unaigiza jinsi mwili unavyoigeuza kemikali, na hapo sumu nyingi zilizojificha zinajitokeza. Ini la panya tena! Kipimo cha siku mbili, bei ndogo. Mwaka 1977 kipimo hicho kilisaidia kuonyesha hatari ya kemikali iliyowekwa kwenye nguo za kulalia za watoto Marekani ili zisishike moto, na mwaka huo huo nguo hizo zikapigwa marufuku. Mpaka leo dawa mpya ya binadamu kwa kawaida inapitishwa kwanza kwenye kipimo cha Ames.

Kwa hiyo mtoto wa Chicago amelindwa na Typhimurium. Na mtoto wa Kisangani je?

Hapa ndipo hadithi inapokuwa nzito. Katika nchi tajiri, Typhimurium ni bakteria wa chakula kibaya: tumbo linauma, unahara siku chache, unapona. Katika Afrika kusini mwa Sahara madaktari waliona kitu kingine. Mtoto mdogo analetwa na homa, mara nyingi bila kuhara kabisa, na bakteria yumo ndani ya damu. Hatari inaongezeka kama mtoto ana malaria, amepungukiwa damu au ana utapiamlo. Kwa watu wazima, kama ana VVU. Mwaka 2009 watafiti walisoma urithi wa bakteria aliyetolewa kwa mgonjwa Malawi, wakakuta si yule wa kawaida anayeitwa ST19. Alikuwa tawi jingine, wakaliita ST313, na tawi hilo lilikuwa limeanza kupoteza baadhi ya sifa anazohitaji bakteria wa kuhama-hama kati ya wanyama wengi, kama vile tifoide yenyewe ilivyofanya zamani. Mwaka 2012 ikaonyeshwa kwamba ndani ya ST313 kulikuwa na kizazi cha kwanza, kikasukumwa pembeni na kizazi cha pili ambacho kloramfenikoli haikukiweza. Mwaka 2019 watafiti wakatangaza mjukuu wa kizazi hicho kutoka nchi yetu, RDC, ambaye antibiotiki nyingi zaidi zimemshindwa, hata zile tunazoziita za mwisho.

Makadirio ya dunia kwa mwaka 2017 ni wagonjwa 535,000 wa salmonela ya damu isiyo tifoide, na vifo 77,500. Gaweni wenyewe: karibu mgonjwa mmoja kati ya saba anakufa. Sehemu kubwa ni Afrika, na wengi ni watoto chini ya miaka mitano.

Swali lililobaki ni hili: anatoka wapi? Tifoide tunajua, binadamu kwa binadamu, kupitia kinyesi na maji. Salmonela ya kawaida tunajua, kuku na mayai na nyama. Lakini ST313 hajulikani anapolala. Utafiti wa Kenya uliotolewa 2006 na Samuel Kariuki na wenzake uliangalia wanyama wa nyumbani mwa watoto wagonjwa, na salmonela ya wanyama haikufanana na ya watoto. Ilifanana zaidi na ya watu wa nyumba ile. Wengi wakaegemea hapo: ni binadamu.

Ndipo Kisangani ikaingia kwenye hadithi kwa mara nyingine, safari hii si kwa jina tu. Kuanzia Aprili 2016 hadi Desemba 2018, kikundi kilichoongozwa na Dadi Falay, daktari wa watoto wa hapa kwetu, kwa kushirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, kilitega panya katika masoko matano na machinjio moja ya Kisangani. Mitego 1,650 ilitegwa, panya 566 wakanaswa. Karibu wote, 95.6 kwa mia, walikuwa panya wa mitaro, yule mkubwa wa kahawia ambaye mama zetu wa sokoni wanamjua vizuri. Damu yao, maini, wengu na kinyesi vikapimwa. Matokeo yakatolewa mwaka 2022.

Panya 46 walikuwa na salmonela, yaani 8.1 kwa mia. Walikuwa na serotipu mchanganyiko: Kapemba, Weltevreden, Dublin, Typhimurium. Ile iliyoongoza, katika panya 18, haina hata jina la mji, ina kodi tu: II 42:r:-. Typhimurium walikuwa ndani ya panya kumi. Saba kati yao walikuwa ST19, yule wa kawaida, ambaye bado antibiotiki zinamuweza. Watatu walikuwa ST313.

Watatu kati ya 566. Mtu atasema ni kidogo. Lakini tazameni walipokutwa: ndani ya viungo vya ndani vya panya, si kwenye kinyesi. Na walipolinganishwa na ST313 kumi na sita waliotoka kwenye damu ya wagonjwa wa Cliniques Universitaires de Kisangani, kumi na wawili kati ya hao kumi na sita waliangukia kwenye vikundi viwili pamoja na wale wa panya. Ni ndugu wa karibu sana. Na wengi wao, wa panya na wa watu, walikuwa sugu kwa dawa nyingi.

Mimi nausoma utafiti huu kwa furaha na kwa tahadhari. Hausemi kwamba panya ndiye aliyewapa watoto. Inawezekana panya ndiye aliyepata kutoka kwetu, kwa mitaro yetu na vyoo vyetu. Panya sugu kwa antibiotiki hakwenda farmasi kununua tembe; usugu ule unanukia binadamu. Na kama bakteria hakutoka kwenye kinyesi cha panya, basi lazima mtu aeleze angepita njia gani kurudi kwa mtoto. Lakini utafiti umefungua mlango uliokuwa umefungwa: katika mji wetu panya anaweza kuwa ghala. Kumbukeni Thessalia, panya anayebaki hai na bakteria ndani yake. Miaka zaidi ya mia na ishirini baada ya Loeffler, swali lile lile limerudi, na safari hii limejibiwa sehemu kwenye masoko yetu.

Kwa nini nayaandika haya kwenu, wahitimu, ambao wengi si madaktari? Kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni mtoto mwenye homa. Hapa kwetu homa ina majina mawili tu: malaria au tifoide. Kipimo cha haraka kikikataa malaria, au hata kikikubali, mara nyingi kinachofuata ni Widal, mtu anaambiwa ana tifoide, ananunua tembe chache. Kipimo cha Widal ni cha mwaka 1896, alikibuni Fernand Widal wa Paris. Kilikuwa kizuri kwa wakati wake. Lakini kinatafuta kumbukumbu ya mwili, hakimtafuti bakteria, na mwili unaweza kukumbuka salmonela ya zamani au ndugu yake. Hakiwezi kukuambia kama yule aliye ndani ya damu leo ni ST313, wala dawa gani itamuweza. Kinachoweza ni kuotesha damu: unachukua damu kabla ya antibiotiki, unaiweka kwenye chupa, unangoja bakteria akue. Kinadai umeme usiokatika, chupa, na mtu aliyesomea. Tunao watu waliosomea. Chupa na umeme ndiyo vita yenyewe.

Ya pili ni dawa. Zinder na Lederberg walituonyesha kwamba bakteria wanaazimana sifa. Kila antibiotiki inayomezwa siku mbili halafu ikaachwa kwa sababu homa imeshuka au pesa imeisha ni shule ya bakteria. Simlaumu mama anayenunua tembe nne kwa sababu hana pesa ya kumi na nne. Nasema tu kwamba bei ya zile kumi zilizobaki inalipwa baadaye, na anayelipa ni mtoto mwingine.

Ya tatu ni sisi wenyewe. Chuo chetu kilianza 1963 kama Université Libre du Congo, kikapita UNAZA mwaka 1971, kikawa Université de Kisangani mwaka 1981. Wakati jina Stanleyville linaandikwa kwenye orodha, hapakuwa na chuo kikuu mjini hapa, na Mkongomani hakuwa yeye wa kuuliza swali. Alikuwa anayebeba sampuli, au anayetolewa damu. Mwaka 2022 daktari wa hapa ndiye aliyeuliza, akaenda na mitego kwenye masoko ambayo yeye mwenyewe anayapita. Hiyo tofauti ni kubwa kuliko jina lolote kwenye orodha. Wadogo zetu mnaotafuta somo la kumalizia masomo, angalieni maswali ambayo utafiti ule umeyaacha wazi: panya wa nyumbani je, si wa sokoni tu? Maji ya visima vya Lubunga na Mangobo? Mikono na meza za wauza nyama? Wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, hali ni moja? Haya hayahitaji mtu kutoka Berkeley. Yanahitaji mtu anayejua ni saa ngapi soko linafungwa na panya wanatoka.

Na wale mlioingia kwenye utawala wa mji na wa komini: takataka za soko zikiondolewa kabla ya usiku, na mitaro ya machinjio ikifunikwa, hamhitaji kusubiri wanasayansi wamalize kubishana kama panya ni ghala au ni mgeni. Kwa vyovyote vile mtoto ananufaika. Chanjo dhidi ya salmonela hii ya damu bado inajaribiwa. Fagio liko tayari.